Pampu Ikikataa Kuwaka, Fuata Njia ya Petroli

Kiangazi kikiingia, mkulima wa skimu hutegemea pampu yake ndogo ya petroli kuteka maji mtoni. Kabichi iliyopandikizwa juzi haingoji: ikikosa maji siku tatu nne katika jua kali, imepotea. Basi pampu ikikataa kuwaka, mwenyewe huingiwa na hofu, huvuta kamba mpaka ikakatika, kisha humlipa fundi kwa kazi ambayo angeweza kuifanya yeye mwenyewe asubuhi moja.

Kwanza ujue kama petroli yafika kwenye injini. Funga choki, vuta kamba mara tano au sita, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa na yanuka petroli, mafuta yafika, pengine hata yamezidi. Ipanguse, acha tundu lake wazi kwa dakika chache, kisha ujaribu tena bila choki. Lakini ncha yake ikiwa kavu kabisa, petroli imezuiwa njiani, nawe uifuate kutoka tangi kwenda chini.

Je, koki imefunguliwa? Usicheke. Wengi huifunga wakati wa kubeba pampu, wakasahau.

Halafu tazama kifuniko cha tangi. Kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa, na vumbi au matope yakikiziba, petroli haishuki. Dalili yake ni hii: injini yaenda vizuri kwa muda, yazimika, na ikipumzika kidogo yakubali tena. Legeza kifuniko. Ikiwa sasa yaenda bila kusimama, umekwisha kupata ugonjwa; safisha kitundu hicho.

Kabla ya kuendelea, ngoja injini ipoe, uwe mahali pa wazi, mbali na moto, na asiwepo mtu mwenye sigara. Usivute petroli kwa mdomo, wala usiimwage mtoni.

Chini ya kikombe cha kabureta mna skrubu. Weka chupa ya kioo chini yake, fungua koki, ulegeze skrubu. Petroli yapaswa kutiririka bila kukatika. Ikidondoka tu, chujio au mpira umeziba. Vitoe, uvioshe kwa petroli safi. Itazame pia chupa yenyewe. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, nawe utayaona kama shanga zikiviringika. Ukiyaona, mwaga petroli yote ya tangi katika debe. Mafuta ya taa yaliyochanganywa humo hutayaona kwa macho. Mwaka wa 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji huo, lakini kinga yako ni kununua kwenye kituo cha mafuta, si katika chupa za kando ya njia.

Ikiwa petroli yatiririka vema na plagi bado ni kavu, basi kitundu chembamba kilicho ndani ya kabureta kimeziba. Hapo ndipo pampu nyingi zilizolala hufia. Petroli iliyokaa miezi miwili hivi huanza kuharibika na kuacha utomvu kama gundi. Funga koki, ondoa kikombe, fungua kijiti cha shaba chenye kitundu hicho, ukipulize. Kikikataa, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme. Usitumie sindano: ukikipanua kidogo tu, injini itakunywea petroli kupita kiasi mpaka ununue kijiti kipya.

Mvua zikianza na pampu yaenda kulala, toa petroli ya tangini, washa injini, uiache izimike yenyewe kwa kukosa mafuta. Kisha legeza skrubu ya kikombe, umalize matone yaliyobaki.