Hospitali na Kijiji ni Kazi Moja

Nikuulize neno moja. Ugonjwa huanzia wapi? Je, huanzia hospitalini? Sivyo. Mtoto hupata minyoo katika uwanja wa nyumba yao. Mbu humwuma usiku juu ya kitanda chake mwenyewe. Mama mwenye mimba hupungukiwa damu polepole, akilima na kubeba kuni, wala hakuna anayeona. Ugonjwa huanza nyumbani, na mara nyingi huisha nyumbani, kwa kupona ama kwa kilio. Siku za hospitali ni chache tu katikati.

Lakini tazama namna watu wengi wanavyofanya. Wanangoja nyumbani mpaka mgonjwa amelegea kabisa. Halafu wanapita mlango wa kituo cha afya kilicho karibu nao, wanasema, “Pale ni pa mwuguzi tu, sisi tunataka daktari.” Wanatembea siku nzima mpaka hospitali, na wakifika wanakuta watu mia wamejaa barazani, wengine wana kikohozi kidogo, wengine wana kidonda cha mguu. Na yule mtoto mwenye homa kali amelala katikati yao, hakuna aliyemwona bado. Hapo ndipo watoto wetu hufa, si kwa sababu hakuna dawa, bali kwa sababu hakuna utaratibu.

Basi katika somo hili tutaeleza utaratibu wa afya katika Congo yetu: ulitoka wapi, unatumikaje, na wewe una kazi gani ndani yake.

ZAMANI: KILA UGONJWA NA MLANGO WAKE

Wazee wanakumbuka siku za Wabelgiji. Kundi la ugonjwa wa usingizi, yaani malale, lilikuja kijijini. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo, wakatolewa damu, kisha kundi likaenda zake. Wenye ukoma walikuwa na kijiji chao mbali na watu. Hospitali ilikaa mahali pake, ikingoja wanaokuja.

Kazi hiyo iliokoa watu wengi, tusiidharau. Lakini mwanadamu aligawanywa vipande. Mwenye ukoma akipata malaria, alikuwa mgonjwa wa nani? Mama aliyeleta mtoto kuchanjwa, naye mwenyewe ana mimba na miguu imevimba, nani alimtazama? Kila mtu alifanya sehemu yake na kufunga mlango. Tena mwaka 1960, wakati wa Uhuru, madaktari wengi wageni walirudi kwao. Mahali pengi milango ile ikabaki bila mtu.

NAMNA MAWAZO MAPYA YALIVYOANZA

Upande wa magharibi wa nchi yetu, ukingoni mwa mto Kwilu, iko hospitali ya Kibaptisti ya Vanga. Mwaka 1961 alifika pale daktari kutoka Marekani, jina lake Dan Fountain. Yeye aliona jambo linalowachosha madaktari wengi wa misioni: mgonjwa anatibiwa, anapona, anarudi nyumbani, na baada ya muda anakuja tena na ugonjwa ule ule. Minyoo imetoka tumboni, lakini choo hakuna, na maji ni yale yale. Kwa hiyo kazi ya Vanga ilitoka nje ya ukuta wa hospitali. Wauguzi walifundishwa, vituo vya afya vikawekwa katika vijiji, na wanakijiji wenyewe wakaitwa kuzungumza juu ya afya yao.

Upande wa mashariki, katika Maniema, mwaka 1971 kazi ya namna hiyo ilianzishwa huko Kasongo pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji. Walipanga hospitali moja na vituo vya afya kuizunguka kama familia moja. Mwuguzi wa kituo alipewa watu wake, na hospitali ikapokea wale aliowatuma. Waliona kwamba mwuguzi aliyefundishwa vizuri, na kutembelewa na daktari wake, anaweza kutibu sehemu kubwa ya wagonjwa. Wachache tu ndio wanaohitaji kitanda cha hospitali.

Mwezi wa Septemba 1978, wajumbe wa mataifa mengi walikutana katika mji wa Alma-Ata, wakati ule katika Muungano wa Kisovieti, wakakubaliana kwamba afya ianze karibu na watu. Congo, iliyoitwa Zaire siku zile, haikuanza na mikono mitupu: ilikwisha kuwa na mifano yake. Mwaka 1981 Kanisa la Kristo, pamoja na serikali na msaada wa Marekani, lilianza kazi iitwayo SANRU ya kusaidia afya ya mashamba. Katika miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa zoni za afya 306. Leo ziko 519.

ZONI YA AFYA NI NINI?

Zoni moja ya mashamba ina watu kama laki moja au zaidi. Imepangwa hivi:

Kwanza, kijiji na nyumba zake. Hapo wako wale wanaoitwa reko. Si waganga. Ni jirani zako waliochaguliwa kufundisha, kuhesabu watoto, na kumwambia mama, “Kesho ni siku ya kilo na chanjo.”

Pili, kituo cha afya. Kinahudumia eneo lenye watu kama elfu tano mpaka elfu kumi. Hapo wauguzi wanatibu homa, kuhara na kikohozi, wanapima mimba, wanazalisha, wanachanja na kufundisha. Kamati ya watu wa eneo, iitwayo kodesa, inasimamia pamoja nao.

Tatu, hospitali kubwa ya zoni. Hapo ni pa kupasuliwa, kutiwa damu, na magonjwa yaliyoshinda kituo. Katika zoni nyingi hospitali hiyo ni ya misioni, ya Kiprotestanti ama ya Kikatoliki, lakini inafanya kazi ndani ya zoni pamoja na serikali.

Juu yao iko ofisi ya zoni na daktari wake mkuu, anayeangalia kazi yote, si hospitali peke yake.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za Yethro, mkwe wa Musa, katika Kutoka mlango wa 18. Alimkuta Musa ameketi tangu asubuhi mpaka jioni, akiamua mashauri ya watu wote, nao wamechoka kusimama. Akampa shauri la kuweka wakubwa wa makumi na wa mamia, ili mambo madogo yaamuliwe karibu, na yale mazito tu yaletwe kwake. Shauri lile halikumshushia Musa heshima, wala halikuwanyima watu haki yao. Kila mtu alisikilizwa mapema.

DAWA PASIPO NJIA

Labda utasema, “Inatosha kuleta dawa kijijini.” Sikiliza jambo hili. Iko dawa ya malaria kali, jina lake artesunate, inayotiwa katika tundu ya haja kubwa ya mtoto asiyeweza kumeza. Ni dawa njema. Kazi yake ni kumshikilia mtoto kidogo mpaka afike kwa waganga. Kati ya 2018 na 2020 dawa hiyo ilitolewa vijijini katika Congo, Nigeria na Uganda, na wachunguzi wakafuata habari za watoto. Waliona kwamba dawa peke yake haikupunguza vifo kama walivyotumaini. Kwa nini? Watoto wengi hawakupelekwa mbele. Wengine walifika, lakini hawakupata matibabu yote ya kumaliza ugonjwa. Mama aliona homa imeshuka, akashukuru, akakaa nyumbani. Malaria ilikuwa bado katika damu.

Unaona? Mlolongo ukikatika mahali pamoja, mtoto hupotea, hata kama kila mtu amefanya sehemu yake.

TULIYOJIFUNZA KATIKA SIKU ZA EBOLA

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ikaenea mpaka Ituri. Ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Wengi walifanya kazi kwa ujasiri, na chanjo iliokoa watu. Lakini watu waliona magari mengi ya riposti, na mahali pa Ebola penye kila kitu, hali kituo chao cha afya hakina hata dawa ya malaria. Wakauliza, “Mbona mnapenda ugonjwa huu mmoja tu? Watoto wetu wanaokufa kwa homa si watu?” Kwa swali hilo lisilojibiwa vizuri, wengine walikataa mafundisho, wakaficha wagonjwa.

Na katika miaka ile ile surua ilipita Congo nzima. Kufika mwanzo wa 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Chanjo ya surua ni ya siku nyingi, na bei yake ni ndogo. Surua iliua wengi kuliko Ebola, lakini haikupigiwa kelele nyingi kama Ebola. Basi tunajifunza hivi: mlinzi wa kwanza wa Ebola na wa surua ni yule yule, kituo cha afya kinachoaminiwa na watu wake kila siku, kabla tauni haijaingia.

MATUNDA YA KUUNGANISHA KAZI

Tazama upande mwingine. Tangu 1981 kuna dawa tatu za ukoma zinazotumiwa pamoja. Mgonjwa anazipata kituoni, anakaa nyumbani na jamaa yake, na anamaliza kwa miezi 6 ama 12. Hakuna lazima tena ya kijiji cha wenye ukoma. Ugonjwa wa malale nao, uliotaka sindano nyingi na kitanda cha hospitali, sasa wagonjwa wengi hutibiwa kwa vidonge vya fexinidazole kwa siku 10. Dawa hii ilijaribiwa hapa Congo, ikakubaliwa mwaka 2018. Mwuguzi aliyefundishwa anaweza kuitoa.

Na mama akija na mtoto kwa chanjo, kituo kilichopangwa vizuri hakimwulizi juu ya sindano tu. Mtoto anapimwa kilo. Macho na viganja vinatazamwa kama damu imepungua. Mama anaulizwa juu ya chandarua, na juu yake mwenyewe. Safari moja, kazi nne.

WEWE UFANYE NINI?

1. Jua kituo chako cha afya na reko wako. Usingoje siku ya shida kuuliza njia.

2. Anzia kituoni. Ukiwa na alama za hatari, na hospitali iko karibu kuliko kituo, nenda hospitali moja kwa moja.

3. Jua alama za hatari. Kwa mtoto: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelala usingizi usioamka, anapumua kwa shida mbavu zikiingia ndani. Kwa mama mwenye mimba: damu inatoka, kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, degedege, uchungu uliopita saa 12. Usingoje asubuhi.

4. Mwuguzi akikupa karatasi ya kutumwa hospitalini, nenda siku ile ile. Karatasi hiyo inasema ugonjwa ulivyoanza na dawa ulizokwisha kupata. Ukiipoteza, daktari anaanza upya.

5. Ukitoka hospitali, rudisha karatasi ya jibu kwa mwuguzi wako. Yeye ndiye atakayeendelea kukutazama.

6. Mama, nenda kupima mimba katika miezi 3 ya kwanza. Mtoto akifika miezi 9, asikose chanjo ya surua.

7. Kijiji kipange mapema nani atabeba mgonjwa usiku: pikipiki ya nani, mtumbwi wa nani, vijana gani wa kipoyi. Kanisa linaweza kuweka kisanduku kidogo cha fedha kwa kazi hiyo.

“LAKINI KITUO CHETU HAKINA DAWA”

Neno hili tunalisikia mara nyingi, na mahali pengi ni kweli. Wako wauguzi wanaokaa miezi mingi bila mshahara. Iko bei inayobadilika kila siku. Usinyamaze, wala usikimbilie muuza dawa wa sokoni anayekupa vidonge visivyo na jina. Kamati ya kodesa iko kwa sababu hiyo. Wakati dawa zinapofika, wajumbe wawepo, wahesabu. Bei ziandikwe ukutani. Fedha zilizoingia zisomwe mbele ya watu. Kama kamati yenu imelala, waulizeni wazee wa kijiji na viongozi wa makanisa waichague upya. Pia daktari mkuu wa zoni anapaswa kusikia malalamiko yenu. Mwandikieni.

Sisi wa hospitali nasi tuna deni. Tusimcheke mwuguzi wa kijijini mbele ya mgonjwa wake. Tusimrudishe mgonjwa bila jibu. Tutoke, tukatembelee vituo, tukae pale tukitazama kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA DARASA

Kituo chetu cha afya kiko umbali gani, na nani hapa hajawahi kukiingia?

Nani ni reko wa mtaa wetu? Nani ni mjumbe wa kodesa?

Mama akitokwa na damu usiku huu, nani atambeba, na kwa njia gani?

Watoto wa mtaa wetu waliopita miezi 9 bila chanjo ya surua ni wangapi? Andikeni majina yao leo, mkampe mwuguzi kesho.