Mtumbwi Ukiharibika Ziwani, Uuvute Namna Hii

Kama unakaa Momba au Wilaya ya Songwe, Ziwa Rukwa unalijua. Mto Momba na Mto Songwe humwaga maji yake humo. (Mito ya Songwe ni miwili. Huu wetu huenda Rukwa. Ule wa Ileje, ulio mpakani na Malawi, huenda Ziwa Nyasa.) Maji huingia Rukwa, lakini hakuna mto unaotoka.

Ziwa hili halina kina kirefu. Wengine wakisikia hivyo hudhani ni ziwa la mchezo. Sivyo. Upepo ukivuma juu ya maji ya kina kifupi, mawimbi huinuka upesi. Huwa mafupi, yamesimama, na hufuatana bila nafasi. Mtumbwi uliozimika mashine hugeuka ubavu, na maji huanza kuingia.

Sasa wewe unapita na boti yako nzima. Unamwona mwenzako anapunga shati. Bila shaka utamsaidia. Lakini je, utamsaidiaje? Mara nyingi watu wenye moyo mwema huenda mbio, hufunga kamba yoyote mahali popote, kisha huvuta kwa nguvu. Hapo huweza kuzama vyombo viwili badala ya kimoja.

Kwanza hesabu watu. Nyavu na samaki baadaye. Je, boti yako inaweza kuwabeba wote? Kama inaweza, wachukue, ukimwacha mmoja tu wa kuongoza mtumbwi. Kama haiwezi, usiwajaze. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Kilijengwa kubeba watu 101, lakini siku ile kilibeba watu wengi kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walikufa. Boti ndogo nayo hupinduka kwa sababu hiyo hiyo. Ni heri uwapeleke watu pwani kwanza, na mtumbwi uuache umetia nanga. Utaurudia upepo ukitulia.

Nanga ni jambo kubwa, na hapa ufupi wa kina ni msaada. Wewe uliyeharibikiwa, mashine ikizima tu, tupa nanga. Hata jiwe zito lililofungwa kamba imara hufaa, kwani litafika chini. Funga kamba ya nanga mbele, siyo ubavuni. Mtumbwi utaelekeza pua kwenye mawimbi, na hautasukumwa mbali. Kisha fua maji yote yaliyoingia. Maji yanayochezacheza ndani ya mtumbwi hukimbilia upande mmoja na kuulaza.

Anayekuja kusaidia aje polepole, akiuelekea upepo. Asigonge mtumbwi, na mtu asiruke toka chombo hiki kwenda kile. Kamba irushwe. Ukifunga dumu dogo tupu, lenye kifuniko, kwenye ncha yake, kamba itaelea na mwenzako ataidaka kwa urahisi. Wakati huo mashine isisukume, maana kamba ikinaswa na propela, lile panga linalozunguka majini, mtakuwa wawili mlioharibikiwa.

Mmewahi kuona Tunduma lori likivuta lori jingine kwa chuma kifupi. Msiige hayo majini. Barabara haipandi na kushuka kama wimbi. Kamba ikiwa fupi, boti ya mbele hushuka wimbi wakati mtumbwi wa nyuma unapanda. Kamba hulegea, kisha hukazika ghafla na kung'oa mbao. Basi kamba iwe ndefu, angalau mara nne au tano ya urefu wa mtumbwi. Nailoni nene ni nzuri kwa sababu hunyumbuka kidogo. Kamba kuukuu ya nyavu haifai kabisa.

Je, ifungwe wapi? Kwenye mtumbwi unaovutwa, ifungwe mbele kabisa, chini chini, penye mti imara. Usifunge kwenye kiti kilichopigiliwa misumari miwili. Kwenye boti inayovuta, wengi hufunga kwenye mashine, au pembe moja ya nyuma. Yote mawili ni mabaya. Mashine huweza kung'oka. Na kamba ikivuta kutoka pembeni, boti inayovuta ndiyo hulazwa ubavu na kupinduka, hata kama haina kosa lolote. Mkulima wa Mbozi anayelima kwa jembe la ng'ombe ataelewa upesi. Mzigo haufungwi kwenye bega la dume mmoja. Mnyororo hutoka katikati ya nira. Fanya hivyo hivyo: kamba moja itoke pembe ya kulia, nyingine pembe ya kushoto, zikutane nyuma ya mashine bila kuigusa. Hapo zinapokutana ndipo pa kufunga kamba ndefu.

Fundo liwe la kufunguka upesi. Tena mtu mmoja akae karibu akiwa na kisu kikali. Mtumbwi wa nyuma ukianza kuzama, au boti ya mbele ikilala, akate mara moja, asingoje kuulizana. Kamba hununuliwa tena. Wengine wote wasikae kwenye mstari wa kamba, kwani ikikatika huchapa kama mjeledi. Usiizungushe mkononi, wala usikanyage ndani ya duara lake.

Kabla ya kuondoka patanisheni ishara, kwa sababu mashine ikinguruma sauti haisikiki. Mkono mmoja juu uwe kusimama, kwa mfano. Mizigo iliyobaki isogezwe nyuma kidogo ili pua ya mtumbwi isichimbe maji. Aliyebaki humo avae jaketi okozi, akae chini, aongoze kwa kasia. Kama mtumbwi unayumba kushoto na kulia, aburute ndoo kwa kamba nyuma yake. Utanyooka.

Sasa ng'oeni nanga, kisha vuta. Anza taratibu hadi kamba ikazike, halafu nenda mwendo wa mtu anayetembea. Mwendo wa mbio husababisha hasara. Kona ziwe pana. Huyo mwenye mashine ataona giza linaingia, atatamani kuongeza moto. Asiongeze. Mtazamaji akae akitazama nyuma wakati wote, naye ndiye wa kusema pole au simama.

Mkikaribia pwani kuna hatari nyingine, ambayo watu huisahau kwa furaha ya kufika. Mtumbwi hauna breki. Ukisimama ghafla, utakuja kukugonga. Punguza mwendo mapema, fupisha kamba mkiwa kwenye maji matulivu, ndipo mfunge vyombo ubavu kwa ubavu. Katikati wekeni vipande vya matairi ya zamani, visisuguane. Mji wenye malori mengi kama Tunduma hauwezi kukosa matairi hayo. Na msishuke majini kusukuma kwenye matete. Rukwa ina mamba, na viboko pia.

Mkifika, toeni taarifa kwa kikundi cha ulinzi wa uvuvi na ofisi ya kijiji, ili wanaowatafuta waache kutafuta. Halafu tazameni mashine ilizima kwa nini. Mara nyingi ni petroli yenye maji au uchafu, au plagi imechoka. Plagi ya akiba na spana yake hukaa ndani ya kopo dogo. Kamba nayo ioshwe kwa maji safi, ikaguliwe yote kwa mkono, kisha ianikwe kivulini, kwa maana jua huila nailoni.