Ramani na historia ya kale katika kufundisha watoto msamiati wa Kihispania

Watoto wadogo wanaoanza kujifunza Kihispania hupewa kwa kawaida orodha: rangi, matunda, wanyama, viungo vya mwili. Orodha hukaririwa, kisha husahauliwa, kwa kuwa maneno yake hayana uhusiano wowote isipokuwa kuwa katika ukurasa mmoja. Jiografia na historia ya kale huyapa maneno hayo mahali na kisa.

Tuanze na ramani. Neno sierra maana yake ni msumeno, na pia safu ya milima, kwa sababu vilele vyake hufanana na meno ya msumeno. Nevada ni yenye theluji. Mtoto akichora meno ya msumeno na kuyapaka chokaa nchani, amekwisha kuipata Sierra Nevada ya kusini mwa Hispania. Nalo jina la nchi ya Ecuador ni neno la kawaida la Kihispania kwa ikweta, mstari uleule unaopita Kongo na kulipa jina jimbo la Équateur.

Utajiri mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika historia. Karthago, katika Tunisia ya leo, ulianzishwa na Wafoinike, na jina lake lilimaanisha mji mpya. Yapata mwaka 227 K.K. jemadari wake Hasdrubal alianzisha mji wa jina hilohilo katika pwani ya Hispania. Warumi wakauita Carthago Nova, yaani, ukihesabu barabara, Mji Mpya Mpya; leo ni Cartagena. Hapo ciudad nueva hujieleza yenyewe. Kutoka mji huo, mwaka 218 K.K., Hannibal alianza safari ya kuelekea Italia pamoja na ndovu, akavuka mto Rhône na milima ya Alpi. Elefante, río, montaña, nieve: nomino nne kwa kisa kimoja. Kisa kinadai pia vitenzi, jambo ambalo orodha hailifanyi. El elefante cruza el río, sube la montaña, baja. Ndovu wa udongo na ramani iliyochorwa chini uani vyatosha kwa somo zima.

Mtoto azungumzaye Kiswahili ana faida hapa. Asemaye mji mpya lakini daraja jipya hashangazwi na ciudad nueva na puente nuevo; upatanisho wa kisarufi anao tayari. Mwalimu afundishe nomino pamoja na kivumishi chake tangu siku ya kwanza.

Tahadhari mbili zahitajika. Majina ya mahali hayasemi kweli daima: Río de la Plata ni mto wa fedha kwa jina tu, nalo lilitokana na matumaini ya Wazungu waliotafuta madini hayo katika karne ya 16. Mtoto aambiwe hivyo, asije akajifunza neno sahihi pamoja na jiografia ya uongo. Pili, Hannibal hafundishi kusalimu wala kuomba. Maneno hayo yatengewe saa yake, ingawa pengine daraja laweza kujengwa: mfereji wa Kirumi wa Segovia, uliojengwa kwa mawe bila saruji, huleta agua, piedra na arco, na baada ya picha hiyo mtoto apewe kikombe kitupu na kufundishwa kusema quiero agua, por favor.