Sindano Inayonata Katika Kabureta: Huko Didia na Hapa Kwetu



Msimu wa karafuu ukikaribia, wengi wetu hutoa nje Vespa au pikipiki kuukuu iliyolala miezi kadhaa, tukaipiga teke, ikakataa. Ama huwaka, lakini petroli ikaanza kuchuruzika chini. Hapo hulaumiwa plagi, hulaumiwa fundi, hulaumiwa hata muuza petroli. Lakini mara nyingi mkosaji ni kitu ambacho urefu wake haupiti sana ule wa karafuu moja kavu, nacho ni sindano ya kabureta, ambayo mafundi wengi huiita nido.

Jambo hili si dogo. Pikipiki hiyo ndiyo ipelekayo gunia kwenye kituo cha kununulia, na ndiyo imkimbizayo hospitali mchumaji aliyeanguka mkarafuuni. Tena, petroli ikichuruzika ghalani penye majamvi, magunia na karafuu kavu, cheche moja yatosha kuteketeza kazi ya mwaka mzima. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kutazama pia Didia, katika Wilaya ya Shinyanga huko bara. Didia ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ng'ombe, na hali yake ya hewa ni kinyume cha yetu. Kwetu ni unyevu na upepo wa chumvi, kwao ni ukame na vumbi. Hata hivyo sindano hunata huko kama inavyonata hapa. Mwenye kujua sababu za pande zote mbili ataijua na dawa yake.

KAZI YA SINDANO

Petroli hushuka kutoka tangini kwa uzito wake yenyewe, ikapita katika koki na mpira, ikaingia katika bakuli la kabureta. Ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikipanda, boya nalo hupanda, likaisukuma sindano izibe tundu la kuingilia. Injini ikinywa petroli, boya hushuka, sindano ikaachia, petroli nyingine ikaingia. Basi sindano ni bawabu, na boya ndilo linalomwambia lini afunge na lini afungue. Mpango huu ni wa zamani. Wilhelm Maybach wa Ujerumani alitengeneza kabureta ya kunyunyiza yenye boya mwaka 1893, na Vespa zilizoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946 ziliufuata mpango huohuo.

Bawabu huyu hukosea kwa njia mbili.

Ya kwanza, hunata akiwa wazi. Petroli hufurika, plagi hulowa, moshi huwa mwingi, na harufu hujaa nyumbani. Petroli yaweza hata kujaa tumboni mwa injini pikipiki ikiwa imelala. Ukikuta teke ni zito kuliko kawaida, usilazimishe, kwani waweza kuvunja chuma ndani.

Ya pili, hunata akiwa amefunga. Pikipiki huwaka vizuri, ikaenda mwendo mfupi, ikafa. Ukingoja kidogo, huwaka tena. Kosa hili ni baya zaidi kwa injini za mipigo miwili. Katika Vespa za kuchanganya, oili huingia pamoja na petroli, kwa hiyo petroli ikipungua, oili nayo hupungua, injini ikapata joto na pistoni ikashika. Zile zenye tangi la oili la peke yake, kama Yamaha AG100 na DT125, nazo hazisalimiki, kwani petroli chache huzidisha joto la injini.

KWA NINI HUNATA

Huko Didia, tangu kama mwezi wa Juni hadi Oktoba mvua huwa hakuna, na vumbi la barabara huingia kila penye upenyo. Katika vijiji vilivyo mbali na kituo cha mafuta petroli huuzwa kwa chupa, na chupa isiyooshwa vema hubeba mchanga wake. Chembe moja ikikaa kati ya sindano na kiti chake, tundu halizibiki tena. Jua kali nalo hufanya petroli iliyomo bakulini ikauke upesi. Shida hii haiko kwa pikipiki tu. Katika ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Kahama na Geita, injini nyingi ndogo za petroli zinazovuta maji zina boya na sindano za namna hiyohiyo.

Hapa kwetu vumbi ni kidogo, lakini unyevu huingia tangini. Tangi lililoachwa nusu tupu hutokwa jasho ndani, maji hutuama chini, chuma huota kutu, na unga wa kutu hushuka mpaka kwenye sindano.

Sababu ya tatu ni ya pande zote mbili, nayo ndiyo kubwa, yaani petroli iliyolala. Sehemu yake nyepesi huruka hewani, nzito hubaki. Ikiwa imechanganywa na oili, kinachobaki bakulini ni utomvu kama gundi, nao huigandisha sindano mahali pake. Kwa hiyo, mara nyingi sindano yenyewe haina kosa, kosa ni la kile tulichokiacha kiikalie.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kabla ya kufungua kitu, legeza kifuniko cha tangi. Ikiwa pikipiki iliyokuwa ikifa sasa haifi, tundu la hewa la kifuniko ndilo lililoziba. Kisha funga koki, chomoa mpira, fungua koki kidogo juu ya kopo. Petroli isiposhuka vema, shida iko kwenye koki au chujio lake.

Ukiwa njiani na petroli inafurika, funga koki na ugonge taratibu ubavuni mwa bakuli kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi sindano huachia. Lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Nyumbani, fanya hivi:

1. Fanyia kazi nje, mbali na jiko, taa ya moto na sigara, na injini iwe imepoa. Funga koki, mwaga petroli ya bakuli katika kopo.

2. Fungua bakuli, na uangalie mashapo yake. Mchanga, kutu, maji au utomvu, kila kimoja chakueleza kilikotoka. Katika Vespa nyingi kubwa, boya na sindano vimo chini ya kifuniko cha juu cha kabureta, ndani ya sanduku lake.

3. Sukuma kipini cha boya polepole kwa msumari mwembamba. Usikipige nyundo, kwani vile vishikizo vyake huvunjika upesi, na vikivunjika kabureta imekwisha.

4. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka, na boya lililotoboka halielei wala halifungi.

5. Tazama ncha ya sindano. Ikiwa ina mkunjo kama pete, au ncha ya mpira imekauka au kuvimba, nunua nyingine. Usiisugue kwa msasa, kwani itafunga vibaya kuliko kwanza.

6. Safisha kiti cha sindano kwa kijiti kilichofungwa kitambaa chenye petroli safi. Usitie waya humo. Kisha puliza kwa pampu ya baiskeli.

7. Rudisha sindano na boya, uone kwamba boya lapanda na kushuka bila kukwama. Katika kabureta zenye bakuli chini, ipindue kabureta ili uzito wa boya uifunge sindano, kisha puliza hewa kwenye njia ya petroli. Isipite. Ukiigeuza wima, ipite.

8. Usikunje ulimi wa boya kwa kubahatisha. Kimo chake kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, nacho hupimwa.

Ikiwa injini ilijaa petroli, toa plagi, funga koki, weka waya wa plagi mbali na tundu, kisha piga teke mara kadhaa ili petroli itoke. Cheche karibu na mvuke huo ni hatari.

Ukimaliza hayo usiwashe bado. Mwaga tangi, lisuuze, safisha chujio la koki, badili mpira uliopasuka. Asiyesafisha tangi ataifungua kabureta tena baada ya juma moja.

KUZUIA NI RAHISI

Funga koki kila usimamapo, hata kama ni kwa saa moja. Pikipiki ikienda kulala zaidi ya wiki mbili au tatu, funga koki na umwage bakuli. Tangi liache limejaa au tupu kabisa na kavu, lisiwe nusu. Chuja petroli ya chupa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Changanya oili kwa kiasi kilichoandikwa. Panaposemwa 1 kwa 50, hiyo ni mililita 20 kwa kila lita. Kuzidisha oili hakuongezi usalama, huongeza utomvu. Wala usiilaze pikipiki ghalani pamoja na karafuu.

Hayo yote hayahitaji ila bisibisi, kopo, kitambaa na nusu ya asubuhi. Twashauri kila mwenye pikipiki ayafanye sasa, kabla majamvi hayajatandikwa, ili siku ya haja asiwe wa kusukuma mashine mlimani na gunia mgongoni.

Tunawatakieni mavuno mema.