Sauti ya Mtu Haimo Pakitini

Vijana wanaonijia hapa Landless, Thika, kujifunza kutengeneza muziki kwa kompyuta, na wengine wanaopanda matatu kutoka Makongeni, Juja na Ruiru kwa haja hiyo hiyo, huniuliza swali moja ambalo limekwisha kunichosha. Si kwa sababu muulizaji ni mjinga, maana aghalabu huwa na shauku ya kweli, bali kwa sababu swali lenyewe limesimama juu ya dhana batili ambayo kila jibu la upole huizidishia nguvu. Husema hivi: "Mwalimu, ninunue pakiti gani ya sauti, ama plagini gani, ndiyo biti zangu zisifanane na za watu wengine?" Nalijibu leo kwa maandishi, ili atakayeliuliza tena nimpe makala haya ayasome nyumbani, na saa ya somo aliyoilipia tuitumie kwa kazi.

Pakiti hiyo haipo. Sisemi hivyo kwa choyo ya kuficha siri za ufundi, wala kwa chuki juu ya vitu vipya. Ni hesabu ya kawaida, kwa kuwa kitu kinachouzwa kwa watu elfu moja hakiwezi kumtenga mmoja wao na wale 999 waliobaki. Walakini biashara ya kuahidi muujiza huo imestawi. Katika makundi ya WhatsApp hutangazwa mafaili yenye mamia ya ngoma, besi na vinanda, yakiwa yamepachikwa jina la mtayarishaji mashuhuri wa Nairobi, Lagos au Johannesburg, ambaye yamkini hana habari nayo; na kijana hutuma kwa M-Pesa fedha aliyoichuma kwa kupakua mawe ya ujenzi juani, kisha hupokea kiungo. Nimeyafungua mafaili ya namna hiyo pamoja na wanafunzi wangu, tukayasikiliza kwa makini, tukakuta humo ngoma zile zile za faili lililotangulia, zimebadilishwa majina tu. Na hata pale mali inapokuwa safi na halali, hasara haiondoki, maana mwenye ngoma 4,000 hutumia jioni nzima kuchagua ngoma moja, akaifuta, akachagua nyingine, na usiku unapoingia hajatunga hata baa nne.

Hapo huletwa hoja ya amapiano, nayo huletwa kwa uhakika kana kwamba imekwisha kushinda: je, ile logi dramu, mlio wa ngoma ya gogo unaouongoza muziki huo, si sauti moja tu iliyobadili muziki wa Afrika Kusini na kisha wa bara zima? Naam, ilibadili, lakini tazama ilikotoka. Ilikuwamo tayari ndani ya DX10, ala ndogo inayokuja pamoja na FL Studio, ile programu ya Image-Line ya Ubelgiji iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, na ambayo karibu kila mwanafunzi wangu anayo. Kila mwenye programu hiyo alikuwa na sauti hiyo, wala haikumfanya yeyote kuwa mtu wa pekee. Watayarishaji wa Gauteng, na hasa MDU aka TRP ambaye wengi humtaja kuwa ndiye aliyeitanguliza, waliikuta palepale ilipokuwa, wakaipa kazi ya besi, wakaichelewesha, wakaikatiza, wakaiacha inyamaze mahali ambapo sikio lilikuwa likiingojea. Umaarufu ulipokuja, sauti ikatiwa pakitini ikauzwa. Na walioinunua walipata mlio wake bila kupata kunyamaza kwake, ndiyo sababu biti nyingi za amapiano zinazotengenezwa kati ya hapa na Githurai husikika kama nakala ya nakala.

Historia yote ya mashine za muziki inashuhudia jambo hilo. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitoka mwaka 1980 na ikaachwa kutengenezwa mwaka 1983, baada ya mashine takriban 12,000 tu; waliotaka ngoma ya mashine ifanane na ngoma ya ngozi waliidharau. Ndugu yake TB-303, iliyokusudiwa kushika nafasi ya mpiga besi, ilishindwa sokoni vivyo hivyo, ikawa inapatikana kwa bei rahisi katika maduka ya vitu vikuukuu. Ndipo vijana wa Chicago waliojiita Phuture walipovizungusha vifundo vyake huku mfuatano wa noti ukijirudia bila kukoma, na mwaka 1987 wakatoa wimbo wa Acid Tracks. Mashine ilikuwa ile ile iliyowashinda wengine. Kadhalika mtayarishaji J Dilla wa Detroit alikuwa na mashine ya Akai MPC3000, ambayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Wenye mashine za aina ile ile walikuwa wengi, na wengi wao hawakuacha sauti inayokumbukwa.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Sisso na wenzake wa Mburahati, Dar es Salaam, walitwaa vipande vifupi vya taarabu na mchiriku, wakavikimbiza kwa kasi ya mapigo 200 hata 300 kwa dakika, wakaipa singeli, muziki wa kasi wa jiji hilo, wajihi ambao ulimwengu uliujua kwa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Na mwaka huo huo ilitoka albamu ya Gulu City Anthems ya Otim Alpha, ambamo yeye na Leo Palayeng wameihamisha larakaraka, ngoma ya harusi ya Waacholi, kutoka kwenye vyombo vya mkono hadi ndani ya kompyuta. Tena, msikilizaji aliyetulia akisikiliza Poaa ya Bamba Pana ya mwaka 2018, kisha akasikiliza Tatizo Pesa ya Jay Mitta ya mwaka 2019, atajua bila kuambiwa kwamba hao ni watu wawili, ijapokuwa wametoka katika studio moja na kasi yao ni ya jamii moja. Ni pakiti gani iliyowatofautisha?

Na kama singeli iko mbali, basi mugithi uko hapa hapa. Katika baa za Thika, Jumamosi usiku, mtu mmoja hukaa na gitaa moja na kipaza sauti, akazipiga nyimbo zile zile za Joseph Kamaru na za Daniel Kamau, yaani D.K., ambazo mwenzake anazipiga katika baa ya pili. Nyimbo ni zile zile, gitaa ni lile lile la bei ya kawaida, spika zimekodiwa kwa mtu mmoja, na walakini mpita njia aliyezoea humtambua mpigaji kabla hajafungua kinywa kuimba. Anamtambua kwa mkono wa kulia: kwa jinsi unavyowahi au unavyochelewa, kwa nguvu unayoitia katika pigo la tatu, kwa kile unachokiruka. Jambo hilo halikununuliwa, limezaliwa katika ada ya uamuzi uliorudiwa mpaka ukawa hulka, mfano wa hati ya mkono ambayo humfichua mwandishi hata akibadili kalamu.

Kwa hiyo nawapa wanafunzi wangu jaribio ambalo wengi hawalipendi. Twaa wimbo wako bora, ondoa kila sauti uliyoinunua, na mahali pake weka zile ngoma na vinanda hafifu vilivyokuja na programu. Usiguse noti, usiguse kasi, usiguse nafasi za ukimya. Kisha uwasikilizishe rafiki zako watatu pamoja na nyimbo za wenzako zilizofanyiwa vivyo hivyo. Wakiutambua wako, sauti unayo, na pakiti haikukuongezea ila mapambo. Wasipoutambua, basi ulichokuwa ukikiita sauti yako kilikuwa mali ya muuzaji.

Sauti ya mtu katika muziki wa sikwensa, yaani unaopangwa hatua kwa hatua ndani ya mashine, hukaa zaidi katika wakati kuliko katika mlio, na wakati huo unapimika. Kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, hatua moja kati ya zile 16 za baa huchukua takriban milisekunde 167. Roger Linn, mbunifu wa mashine za ngoma, tangu LM-1 ya mwaka 1980 hata Akai MPC60 ya mwaka 1988, aliipima swingi, yaani kiasi cha kuichelewesha kila hatua ya pili, kwa asilimia, ambapo 50 ni mnyoofu kabisa. Ukiweka 54, kila hatua ya pili huchelewa milisekunde 13 tu, na hizo 13 zatosha kuugeuza mwendo wa wimbo kutoka kwa askari wa gwaride hadi kwa mtu anayetembea kwa raha zake. Lakini ukichelewesha milisekunde hizo hizo 13 kwa kasi ya singeli ya mapigo 240, ambapo hatua ina milisekunde 62.5, umekula takriban sehemu moja ya tano ya hatua nzima, na taathira yake ni nyingine kabisa. Ndiyo maana mtu hawezi kukuuzia swingi yake: haina maana nje ya kasi yako na nje ya noti zako.

Sisi wa huku tuna mwalimu wa wakati ambaye hatumtumii. Katika mwomboko, akodioni husindikizwa na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma, ambayo ndiyo saa ya wachezaji wote. Mrekodi mzee mmoja akiigonga kwa dakika mbili, uitandaze rekodi hiyo juu ya gridi ya sikwensa, nawe utaona kwamba mapigo yake hayakai juu ya mistari. Hukaa kando yake, tena kwa upotofu unaorudi kwa nidhamu, ule ule baa baada ya baa. Kijana anayebonyeza kitufe cha kwantaizi, kile kinachozivuta noti zikae juu ya mistari, kila baada ya noti anaufuta upotofu wa namna hiyo kutoka katika mikono yake mwenyewe, kisha anakuja kuniuliza pa kuununua. Jambo hili hunikera kuliko yote niliyoyataja, kwa kuwa kitufe hicho kimewanyang'anya mali yao watu wenye vipaji, nao wakakishukuru.

Basi fanya haya. Chagua sauti 12 na usiongeze hata moja kwa miezi mitatu. Zima kwantaizi kwa ala moja katika kila wimbo, uipige kwa vidole, kosa likirudi mara tatu mahali pamoja liache, maana si kosa tena. Rekodi kwa simu yako: mashine ya posho, nyundo ya fundi wa mageti, mlango wa matatu. KMRU wa Nairobi, mjukuu wa Joseph Kamaru yule yule wa nyimbo za Kikuyu, amejulikana duniani kwa sauti za mahali anazozirekodi mwenyewe, na albamu yake Peel ya mwaka 2020 haikuhitaji ngoma. Ipe ala moja hatua 12 au 15 izunguke dhidi ya 16 za nyingine. Badili kasi ambayo programu ilikupa ilipofunguka. Ukidhani wimbo umekwisha, ondoa theluthi ya vilivyomo na usikilize tena. Maliza nyimbo, hata mbaya, kwa sababu ada haijengwi kwa baa nane zilizotelekezwa. Zipige kwenye spika za matatu kabla ya kuzipeleka popote. Ukipata fedha, nunua hedifoni za kuaminika kwanza. Plagini isubiri mpaka uweze kuniambia, kwa sentensi moja, ni kazi gani ambayo programu uliyonayo imeshindwa kukufanyia.