‘Anmelden’: Kitenzi cha Kijerumani kisichokubali kukaa kipande kimoja

MTU anayetaka kujifunza Kijerumani hukutana na neno ‘anmelden’ kabla hata hajaingia darasani. Limeandikwa juu ya fomu ya kujiunga na kozi na katika tangazo la mtihani. Akifika Ujerumani atalikuta tena kwenye mapokezi ya hospitali, katika ofisi za serikali za mitaa na kwenye tovuti ya benki yake.

Maana yake ya msingi ni kuandikisha. Likiongezewa kijineno ‘sich’, yaani ‘sich anmelden’, huwa ni kujiandikisha. Kwa kulitazama katika kamusi, mtu haoni ugumu wowote. Ugumu huanza pale anapotaka kulitia katika sentensi yake ya kwanza, kwa kuwa anayetaka kusema ‘ninajiandikisha’ hana budi kusema: ‘Ich melde mich an.’ Kile kipande ‘an’ kilichokuwa kichwani mwa kitenzi kimeng’oka na kwenda kuketi mwisho kabisa.

Wajerumani huviita vitenzi vya aina hii ‘trennbare Verben’, yaani vitenzi vinavyotenganika. Viko vingi mno, na vingi kati yake ni vya matumizi ya kila siku: ‘aufstehen’ ni kuamka, ‘anrufen’ ni kupiga simu, ‘ankommen’ ni kufika, ‘einkaufen’ ni kwenda kununua mahitaji. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, alivifanyia mzaha vitenzi hivyo katika insha yake ya mwaka 1880 kuhusu lugha ya Kijerumani, akiwatania waandishi wa lugha hiyo kwa kupenda kuviweka vipande viwili mbali mbali.

Kwa Mkenya au Mtanzania wa leo, jambo hili limekuwa zaidi ya mzaha. Tangu mwaka 2007, mtu anayetaka kumfuata mwenzi wake wa ndoa Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha Kijerumani cha ngazi ya A1, isipokuwa wale waliosamehewa kisheria. Muuguzi anayetaka kutambuliwa taaluma yake huko, kwa kawaida hutakiwa kufikia B2. Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira. Katika kila moja ya njia hizo, hatua ya kwanza ni kujiandikisha mahali fulani, na kujiandikisha huko hufanywa kwa kitenzi hiki.

Mkia wetu, kichwa chao

Mzungumzaji wa Kiswahili huja na mazoea yake. Neno ‘ninajiandikisha’ lina vipande sita: ni, na, ji, andik, ish, a. Vyote vimefungwa katika neno moja na hakuna hata kimoja kinachothubutu kuhama. Mjerumani husema jambo hilo hilo kwa maneno manne yaliyo huru, na moja kati yake ni kipande cha neno jingine.

Kiswahili, aidha, huzaa maana mpya kwa kubadili mkia wa kitenzi. Andika huwa andikia, andikisha, andikiana. Kijerumani, katika vitenzi hivi, hubadili kichwa. ‘Melden’ pekee ni kutoa taarifa. ‘Anmelden’ ni kuandikisha, ‘abmelden’ ni kufuta uandikishaji, na ‘ummelden’ ni kubadili uandikishaji, hasa mtu anapohama nyumba ndani ya Ujerumani. Kiswahili kilipokutana na Kijerumani wakati wa ukoloni kilichukua majina yaliyokifaa, kama vile shule na hela. Vitenzi vya namna hii kikawaachia wenyewe.

Kuna mtego mwingine ulio mdogo kwa macho lakini hunasa wengi. ‘Ji’ yetu haibadiliki: ninajiandikisha, unajiandikisha, tunajiandikisha. Kijerumani hubadilisha kulingana na nafsi: ‘ich melde mich an’, ‘du meldest dich an’, ‘wir melden uns an’, ‘ihr meldet euch an’. ‘Sich’ iliyo katika kamusi ni ya nafsi ya tatu, na pia ya ‘Sie’, yaani ‘wewe’ au ‘ninyi’ ya heshima. Kwa hiyo karani anapouliza kwa adabu, ‘Möchten Sie sich anmelden?’, mgeni hushawishika kumrudishia neno lake na kujibu, ‘Ja, ich möchte sich anmelden.’ Hilo ni kosa. Jibu sahihi ni ‘Ja, ich möchte mich anmelden.’

Hata hivyo, mahali pengine Kiswahili humsaidia mwenyewe kuliko anavyodhani. Mzazi anayempeleka mtoto shule hasemi tena ‘ninajiandikisha’, husema ‘ninamwandikisha mwanangu’. ‘Ji’ imetoka, ‘m’ imeingia. Kijerumani hufanya vivyo hivyo: ‘Ich melde meinen Sohn an.’ ‘Mich’ imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na mwana. Anayeielewa tofauti ya kujiandikisha na kumwandikisha hana la kujifunza hapo ila maneno yenyewe.

Kipande kikipotea

Wanafunzi wengi huogopa zaidi kosa la kutotenganisha, la kusema ‘ich anmelde mich’. Sentensi hiyo ni mbovu na mwalimu ataikata kwa wino mwekundu, lakini Mjerumani atakayeisikia ataelewa. Kosa la hatari ni jingine, nalo ni kutenganisha kitenzi kisha kukisahau kipande cha pili.

Chukua sentensi hii: ‘Ich melde mich am Montag an.’ Maana yake ni ‘nitajiandikisha Jumatatu’. Sasa ondoa ‘an’. Inabaki ‘Ich melde mich am Montag’, sentensi iliyo timamu kabisa kisarufi, ambayo Wajerumani huitumia kila siku kwenye simu. Maana yake ni ‘nitawasiliana nanyi Jumatatu’. Mwanafunzi aliyewaandikia wasimamizi wa kozi maneno hayo anaamini ameomba nafasi. Wao wanaamini ameahidi kuwatafuta, nao wanamngoja. Nafasi inachukuliwa na mwingine bila mtu yeyote kumfanyia hila.

Na akikosea herufi moja akaandika ‘ab’ badala ya ‘an’, mambo hugeuka juu chini. ‘Ich melde mich vom Kurs ab’ ni kujitoa katika kozi. Kwa sababu hiyo anayesoma au kusikiliza Kijerumani hujizoeza kutokata shauri mapema. Katika sentensi ‘Ich melde mich morgen früh mit meiner Schwester für den Deutschkurs an’, msikilizaji amekwisha kusikia habari za kesho asubuhi, za dada na za kozi ya Kijerumani, na bado hajui kwa yakini kinachofanyika hadi silabi ya mwisho itamkwe. Anayetafuta maana katika kamusi naye akumbuke jambo hilo. Akitafuta ‘melden’ atapata jibu lisilo lake. Ni lazima kwanza aokote kipande kilichoko mwishoni, akirudishe kichwani, ndipo atafute chini ya herufi A.

Pale kinapoungana tena

Kitenzi hiki hakitenganiki wakati wote. Hutenganika katika sentensi kuu ya wakati uliopo, katika swali na katika amri: ‘Wann meldest du dich an?’ ni ‘utajiandikisha lini?’, na ‘Melden Sie sich bitte bis Freitag an’ ni ‘tafadhali jiandikishe kabla ya Ijumaa kwisha’.

Kikitanguliwa na kitenzi kisaidizi kama vile kutaka, kuweza au kulazimika, kitenzi chote huenda mwisho kikiwa kizima: ‘Ich muss mich anmelden’, ni lazima nijiandikishe. Mwanafunzi mchanga anayetetemeka mbele ya karani afadhali akimbilie hapa. Akianza na ‘Ich möchte mich...’ hatakuwa na kipande cha kukumbuka, na tena atakuwa amesema kwa adabu zaidi. Katika kishazi tegemezi pia vipande huungana: ‘Sie sagt, dass sie sich morgen anmeldet’, anasema kwamba kesho atajiandikisha.

Jambo lililokwisha kutendeka husemwa ‘Ich habe mich angemeldet’. Hapa ‘ge’, ambayo ni alama ya tendo lililotimia, haikai mwanzoni bali huingia katikati, baina ya ‘an’ na ‘meldet’. Wazungumzaji wa lugha nyingine hustaajabia mpango huo. Sisi hatuna haki ya kustaajabu, kwa kuwa ‘me’ yetu ya ‘nimejiandikisha’ nayo imebanwa katikati ya neno. ‘Zu’ hufuata njia hiyo hiyo: ‘Ich habe vergessen, mich anzumelden’, nimesahau kujiandikisha. Sentensi hiyo ya mwisho ni vizuri kuijua, ingawa ni heri isihitajike.

Kuhusu viunganishi, kozi au mtihani hutanguliwa na ‘für’ au ‘zu’, na mahali au taasisi hutanguliwa na ‘bei’. Barua rasmi ya kujiandikisha huanza kwa maneno yaliyozoeleka: ‘Hiermit melde ich mich zur Prüfung an’, yaani kwa barua hii ninajiandikisha kwa mtihani. Katika mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, taasisi yenye ofisi Nairobi na Dar es Salaam, sehemu ya kuandika humtaka mtahiniwa ajaze fomu na kuandika ujumbe mfupi wa maneno yapatayo 30. Sentensi moja ya namna hii huchukua sehemu nzuri ya maneno hayo.

Si kila kujiandikisha ni ‘anmelden’. Anayejiunga na chuo kikuu hutumia ‘sich einschreiben’, na hilo ndilo neno lililo jirani zaidi na letu, kwani ‘schreiben’ ni kuandika. Nalo hutenganika: ‘Ich schreibe mich ein.’ Anayeomba kazi hutumia ‘sich bewerben’, ambalo halitenganiki kamwe, kwa kuwa ‘be’ ni miongoni mwa viambishi vilivyogandamana na kitenzi. Kwenye tovuti, anayefungua akaunti kwa mara ya kwanza mara nyingi hubonyeza ‘Registrieren’, ilhali ‘Anmelden’ hapo huwa na maana ya kuingia katika akaunti ambayo mtu anayo tayari, na ‘Abmelden’ ni kutoka. Wageni wengi hukaa wakibonyeza ‘Anmelden’ wakiombwa nywila ambayo hawajawahi kuwa nayo.

Sikio nalo lina msaada wake. Katika kitenzi kinachotenganika mkazo huwa juu ya kipande cha mbele: AN-melden, EIN-schreiben. Katika kile kisichotenganika mkazo hukaa kwenye mzizi: be-WER-ben. Anayejifunza neno jipya kwa kulisikia likitamkwa hupata jibu la kutenganika au kutotenganika papo hapo, bila kuuliza.

Mahali ambapo neno hili lina uzito kuliko pote ni ofisi ya wakazi, inayoitwa ‘Bürgeramt’ au ‘Einwohnermeldeamt’ kutegemea mji. Sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Novemba 1, 2015 inamtaka kila anayehamia katika nyumba aandikishe makazi yake katika muda wa wiki mbili, akiwa na hati ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba amehamia hapo. Anayechelewa anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000.

Bila cheti cha uandikishaji huo, mambo mengine mengi hukwama. Namba ya kodi yenye tarakimu 11 hutumwa kwa posta baada ya uandikishaji wa kwanza, na kodi ya mshahara wa mfanyakazi hukatwa kwa kufuata namba hiyo. Barua yenyewe itafika tu iwapo jina la mhusika limebandikwa kwenye sanduku la barua mlangoni, jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha sarufi.

Sentensi ya kupeleka kwa karani ni fupi: ‘Guten Tag, ich möchte mich anmelden.’ Na siku mkazi huyo atakapofunga virago kurudi Nairobi au Dar es Salaam moja kwa moja, sheria ile ile itamtaka aifute anwani yake, safari hii kwa ‘ab’: ‘Ich möchte mich abmelden.’ Kwa hilo pia amepewa wiki mbili tangu kuhama.