Homa: Joto Linalopandishwa na Mwili Wenyewe

Fikiria kidole kilichochomwa na mwiba. Kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata moto na kupwita kwa maumivu. Dalili hizo nne aliziandika Mrumi aitwaye Celsus karibu miaka 2,000 iliyopita, na zote zinatokana na kazi moja: mishipa midogo ya damu hutanuka, kuta zake huanza kuvuja, maji na chembe nyeupe za damu zikapenya kuwafuata bakteria. Usaha unaotoka baadaye, kwa sehemu kubwa, ni chembe hizo zilizofia kazini.

Mapambano yakizidi nguvu ya kidole, mwili mzima huitwa.

Chembe nyeupe hutoa protini zinazobeba taarifa kwa njia ya damu hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, ambayo ndiyo inayotawala joto la mwili. Hapo huzalishwa kemikali iitwayo prostaglandini E2, nayo hupandisha kiwango. Mwili uliozoea nyuzi 37 sasa unatakiwa ufike, tuseme, 39. Ndiyo maana mgonjwa wa Tanga au Mombasa, saa saba mchana, jua likiwaka, huomba blanketi. Hajachanganyikiwa. Mwili wake uko 37 nao umeagizwa 39, basi unaona baridi kweli. Mishipa ya ngozi hujibana ili joto lisipotee, vidole hupoa, misuli hutetemeka kwa sababu kutetemeka huzalisha joto. Agizo likifutwa, mwili hujikuta na joto la ziada, na jasho hutiririka hadi shuka likalowa.

Aliyezidiwa na joto la jua ni mwingine kabisa. Kwake hakuna agizo lililobadilika. Ameshindwa tu kupoa. Huyo hahitaji kidonge cha homa, anahitaji kivuli, maji na kupozwa haraka.

Je, gharama yote hii ina faida gani? Mwaka 1975, Matthew Kluger na wenzake huko Marekani waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani, ambao joto lao hufuata la mahali walipo, wakawaweka katika vyumba vya joto tofauti, kuanzia nyuzi 34 hadi 42. Kadiri chumba kilivyokuwa na joto, ndivyo mijusi wengi zaidi walivyonusurika. Tena mjusi mgonjwa akiachwa achague mwenyewe, huenda palipo na joto zaidi. Binadamu hahitaji kuhama. Jiko lake liko ndani.

Dawa za kushusha homa huingilia papo hapo kwenye prostaglandini. Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, lakini siri yake ilifichuliwa na John Vane wa London mwaka 1971: huzuia utengenezaji wa kemikali hizo, ndiyo sababu hupunguza homa na maumivu kwa pamoja. Vimelea haiwagusi. Parasetamoli nayo humpa mgonjwa nafuu, haimtibu maradhi yake.

Hapa lugha yetu imetuponza kidogo. Tuna homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Maradhi mbalimbali chini ya neno moja. Na mtu akisema tu “nina homa”, wengi husikia malaria, wakamnunulia dawa ya mseto dukani. Malaria hupandisha joto vimelea wanapopasua chembe nyekundu za damu, lakini nimonia pia hupandisha, na maambukizi ya mkojo vilevile. Kiganja kwenye paji la uso hakiwezi kuzitofautisha. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kupewa dawa.

Mzazi, mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, usingoje asubuhi. Mpeleke akapimwe.